Kwanza Chesi, Kisha Kadi

Gari la wazi Watanzania wengi wanalijua kwa sherehe. Sikukuu ya Uhuru inapofanyika uwanjani, Rais anaingia amesimama juu ya gari lisilo na paa, mkono mmoja umeshika chuma, mwingine unapungia wananchi, na gwaride linafuata. Gari la namna hiyo likionekana Mugeta, mashariki mwa Bunda kwenye njia ya kwenda Nata na Mugumu, si la sherehe. Ni Land Rover ya zamani ya turubai, na mara nyingi imelala nyuma ya duka la mtu ikisubiri mnunuzi mwenye kumbukumbu nyingi kuliko fedha.

Mnunuzi wa aina hiyo alipatikana. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, baba mdogo wa mwandishi wa makala haya. Wastaafu wenzake walipopokea kiinua mgongo walinunua bodaboda za kukodisha, mashine za kusaga, ng'ombe, na mmoja alimalizia nyumba iliyokuwa imekwama kwenye lenta. Yeye alisikia kwamba kuna Land Rover 109, Series III, yenye turubai nyuma, inauzwa milioni tisa. Utotoni bwana shamba wa pamba alikuwa akija kijijini na gari kama hilo, na watoto waliokuwa na bahati walipandishwa nyuma mpaka kwenye ghala la mbegu. Hoja yake ya kununua ilikuwa hiyo tu, wala hakuificha.

Mwandishi alipigiwa simu Mwanza aende kama shahidi. Simu haikutoka kwa baba mdogo. Ilitoka kwa mama mdogo. "Njoo uende naye," alisema. "Akiliona tu, atalipa."

Kabla ya kusimulia walichokikuta, inafaa kueleza kwa nini magari haya bado yapo, maana Land Rover ya miaka arobaini inayotembea si miujiza. Ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948. Vita vilikuwa vimekwisha, chuma Uingereza kikawa cha mgawo, na aluminiamu iliyobaki kwenye viwanda vya ndege ikawa inapatikana kwa urahisi. Rover wakatengeneza bodi ya aluminiamu. Chesi ikabaki ya chuma, na paa la magari ya mwanzo likawa turubai lililotandazwa juu ya vyuma vilivyokunjwa. Series I iliendelea mpaka 1958, zikafuata II na IIA, kisha Series III kuanzia 1971 hadi 1985. Tarakimu 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Fupi yake ni 88. Kuanzia miaka ya 1970 nyingine ziliunganishwa Thika, Kenya, na ndiyo sababu mpaka leo mtu wa Mara akikosa spea Mwanza huagiza Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ikaletwa kwa basi la Sirari.

Historia hiyo imezaa imani moja inayorudiwa na kila dalali: Land Rover haishiki kutu. Imani hiyo ni nusu kweli, na nusu hiyo imewaponza wengi. Aluminiamu ya bodi haishiki kutu. Chesi inashika, tena kwa siri, kwa sababu ni bomba la pembe nne lenye uwazi ndani. Tope linaingia na kukaa, chuma kinaliwa kutoka ndani kuja nje. Siku tundu linapoonekana kwa nje, kilichobaki kwa ndani ni kama karatasi.

Huko Mugeta, dalali aliwapokea kwa heshima zote. Alianzia Arusha, kwenye tamasha la Land Rover la Oktoba 2024, ambako magari yalikusanywa kutoka kila pembe ya nchi kwa nia ya kuvunja rekodi ya dunia ya msafara, iliyokuwa ikishikiliwa na Wajerumani. "Baada ya Arusha bei zimepanda, Mzee," alisema. "Wazungu wanazitafuta. Hiki ni chuma cha Mwingereza, hakinaga kutu hiki." Gari lenyewe lilikuwa limepakwa rangi mpya ya kijani, na chini limepigwa lami nyeusi inayong'aa, kuanzia bampa ya mbele mpaka ya nyuma.

Fundi aliyekuja nao kutoka Bunda aliitazama ile lami kwanza. Hakusema kitu. Alimwamkia Mwalimu shikamoo, akaulizia afya ya mama, kisha akatoa mfukoni sumaku aliyoichomoa kwenye spika mbovu ya redio na kuanza kuipitisha juu ya bodi taratibu. Kwenye fenda ya kulia haikunasa, kama inavyotakiwa, maana sumaku haina shughuli na aluminiamu. Kwenye fenda ya kushoto ilinasa tap! Pale palikuwa na bati lililochomewa, likapigwa pati na kupakwa rangi. Gari liliwahi kugongwa upande huo. Dalali akasema hata yeye ndiyo anasikia.

Halafu fundi akalala chali chini ya gari na nyundo ndogo. Aliigonga chesi kila baada ya shubiri moja, akianzia mbele. Chuma kizima kinaitika kwa mlio mwembamba unaokaa kidogo hewani. Alipofika usawa wa mlango wa dereva, pale ambapo chesi inatoa mikono pembeni ya kubeba bodi, mlio ukawa butu. Akaweka nyundo chini, akachukua bisibisi, akaisukuma kwa kiganja tu. Ikapita kwenye lami, ikapita kwenye chuma, ikaingia mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa zilidondoka punje za kutu na udongo mkavu. Mwalimu alikuwa amechuchumaa pembeni akiona yote hayo, na mwandishi anakumbuka kwamba swali lake lilikuwa la kimwalimu: "Na upande mwingine?" Upande mwingine ulikuwa mzima. Reli kuu mbili za chesi nazo zilikuwa nzima, isipokuwa sehemu moja ya nyuma ambayo fundi aliiweka chaki ili airudie.

Ni vizuri kusimama hapa kidogo, kwa sababu ndipo gari la wazi linapotofautiana na jingine. Mtoto wa Mwalimu aliyeko Dar es Salaam alikuwa ameshatuma picha za Mazda ndogo ya paa la kukunja, ile ambayo Mazda waliizindua mwaka 1989 na ambayo mpaka 2016 ilikuwa imetengenezwa zaidi ya milioni moja. Kwa wanaopenda magari madogo ya wazi ya siti mbili hakuna iliyouzwa kama hiyo, na Japani zimejaa zilizotumika. Lakini gari dogo la kisasa halina chesi ya kusimama peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, na paa ni sehemu ya nguvu hiyo. Ukiliondoa paa, mzigo unahamia kwenye sakafu na kwenye vizingiti vya chini ya milango. Kiwanda huviongezea unene. Muda ukipita, kutu ikala vizingiti, gari linaanza kujipinda katikati: mlango unakataa kufunga vizuri, au unafunga likiwa tupu na kukataa likiwa na abiria. Kwa hiyo ukikagua gari dogo la wazi, pita kwenye milango kabla ya kufungua boneti. Na ukiambiwa kwamba paa lilikatwa na fundi wa mtaani ili gari lipendeze kwenye harusi, shukuru, aga, ondoka. Land Rover haina taabu hiyo. Turubai, bati au bila kitu, chesi yake haijali.

Kodi nayo ilisema lake. Tanzania haikatazi kuingiza gari la zamani. Kenya inakataza lililozidi miaka minane, Uganda miaka kumi na tano. Tanzania inakuacha uingize, halafu inakutoza. Tuseme gari lenye injini ya cc 1800 na umri unaozidi miaka kumi limefika Dar es Salaam likithaminiwa milioni 10 pamoja na nauli ya meli na bima. Kwa viwango vilivyozoeleka, ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 2.5. Juu ya jumla hiyo kuna ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini na asilimia 30 ya uchakavu, karibu milioni 4.4. Juu ya yote, VAT ya asilimia 18, takribani milioni 3. Zinakuja kama milioni 9.9, bado tozo ndogo za reli na forodha. Tena thamani ya kuanzia haitoki kwenye risiti yako ya Japani; TRA wana kikokotoo chao. Mwalimu alipiga hesabu hiyo kwa kalamu nyuma ya bahasha, akamrudishia mwanaye picha zake. Tumbo la Mazda ile liko chini mno, na udongo mweusi wa mbuga za Bunda wakati wa masika unajulikana.

Land Rover ya Mugeta ilishalipiwa kodi zamani. Tatizo lake jingine lilikuwa kwenye boneti na kwenye kadi.

Kadi ya usajili ilisema injini ni ya petroli, cc 2286, ambayo ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Fundi akafungua boneti. Palikuwa na dizeli ya Toyota, 3L, ile ya kwenye Hiace. Dalali hakutetereka hata kidogo. "Hiyo ni bahati yako, Mzee. Spea zake mpaka Bunda zipo."

Na kusema haki, dalali alikuwa na hoja. Petroli ya asili inakula lita moja kwa kilomita sita hivi, na ukiharibikiwa na kabureta yake huku Mara, utaisubiri spea wiki. 3L inajulikana kwa kila fundi wa daladala kuanzia Sirari mpaka Mbeya. Kwa mtu anayetaka gari la kubebea mahindi, aliyebadilisha injini ile alifanya la maana. Lakini milioni tisa hazikuwa bei ya gari la mahindi. Zilikuwa bei ya gari la kale, na gari la kale linaloombewa bei ya Arusha linatakiwa kuwa na moyo wake. Huwezi kuuza kumbukumbu na Hiace kwa wakati mmoja.

Zaidi ya bei kulikuwa na sheria. Kadi ya Tanzania inaandika namba ya chesi, namba ya injini, ukubwa wake, mafuta yanayotumika, aina ya bodi, rangi na mwaka wa kutengenezwa. Ukibadilisha injini unatakiwa kwenda TRA kubadilishiwa taarifa. Aliyebadilisha hii hakwenda. Kwa karatasi, gari lililokuwa likiuzwa Mugeta lilikuwa jingine: la petroli, la rangi ya kaki. Tena jina kwenye kadi halikuwa la muuzaji. Lilikuwa la mtu wa Musoma aliyeliuza miaka mingi nyuma kwa mkono, na aliyenunua akaliuza tena bila kubadili umiliki. Mambo ya namna hii yapo kila mahali, nayo hayamsumbui mtu mpaka siku mwenye jina anapofariki, halafu mnunuzi wa tatu anajikuta anamtafuta msimamizi wa mirathi ya familia asiyoijua. Kwa bahati mtu wa Musoma alikuwa hai, mzima na mcheshi. Alishangaa kusikia gari lake bado linatembea.

Namba ya chesi ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko yote. Kwenye Series III inagongwa kwenye chuma cha chesi mbele, upande wa kulia, karibu na springi. Lami ilikuwa imeifunika. Fundi aliomba mafuta ya taa na brashi ya waya, akasugua, akapangusa, akasugua tena, mpaka tarakimu zikaanza kutokeza moja moja. Mwalimu alivaa miwani akazisoma kwa sauti, mwandishi akizifuata kwenye kadi. Zote zililingana ila moja, iliyoliwa kiasi kwamba ingeweza kuwa 3 au 8. Waliitazama kwa tochi ya simu kutoka kushoto, kisha kutoka kulia. Mwishowe fundi aliweka karatasi juu yake na kuichua kwa penseli, kama watoto wa shule wanavyochua sarafu, na mkunjo wa juu wa 8 ukajitokeza. Ilikuwa 8. Kadi ilisema 8.

Kwenye namba za pleti, watu wengi hujidanganya. Mitaani gari hupimwa umri kwa herufi: namba A ni la zamani, namba E ni jipya. Herufi hiyo inaonesha lini gari liliandikishwa kwa mfumo wa sasa, wala haisemi lini lilitengenezwa. Land Rover nyingi za mkoa wa Mara zilianza maisha zikiwa na namba za serikali, za mashirika au za miradi, zikauzwa kwa mnada, na ndipo zikapata namba ya T. Ile ya Mugeta ilikuwa namba B, na dalali aliitumia herufi hiyo kama cheti cha ujana.

Yupo mtu mmoja katika historia ya magari ya Afrika Mashariki anayefaa kutajwa kila mtu anaposita mbele ya gari lililotumika. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, akiwa na mdogo wake Jaswant, alishinda East African Safari Rally kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imeshatumika na timu ya kiwanda, kisha akaichukua yeye. Madereva wengine walikuwa na magari mapya na mafundi wao. Joginder alikuwa fundi mwenyewe. Kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi ya doria katika chama cha magari cha Afrika Mashariki, akiwafuata barabarani walioharibikiwa. Watu hukumbuka ushindi na kilemba chake. Kwa mnunuzi, la kukumbuka ni kwamba gari lile lililotumika lilikuwa mikononi mwa mtu aliyejua kulifungua na kulisoma. Uchakavu hukaguliwa sehemu kwa sehemu.

Mwalimu si fundi, ila alifanya kitu cha jamaa hiyo. Alimwambia fundi aandike kwenye daftari kila kinachohitajika na bei yake, akianza na ambavyo bila hivyo gari halitembei kwa usalama: mkono wa chesi wa kukata na kuchomea upya, tairodi mbili, breki za nyuma, bushi za springi. Kisha vile vya starehe: turubai jipya, siti, vioo vya pembeni. Ukurasa wa kwanza ukawa mfupi kuliko alivyoogopa, wa pili mrefu kuliko alivyotarajia. Turubai peke yake lilitaka kushonwa Bunda na washonaji wa mahema, kwa kitambaa kizito cha lori, lenye mlango wa nyuma wa kufunga kwa kamba. Fundi alisisitiza mlango huo. Gari la turubai lililo wazi nyuma, likikimbia kwenye changarawe, hulivuta vumbi lake lenyewe ndani. Hewa inakatika nyuma ya gari na kuacha utupu, vumbi linaujaza. Abiria wa nyuma wanashuka wakiwa weupe mpaka nyusi.

Mama mdogo alikuwa na maswali yake, na ndiyo yaliyokuwa magumu. Litabeba nini? Litalala wapi, wakati halifungiki? Na tembo je? Halikuwa swali la utani. Tembo wanaovuka kutoka Grumeti kuingia mashambani ni habari ya kila msimu katika vijiji vya upande ule, na kukutana nao usiku ndani ya gari la kitambaa si jambo la kumwombea mtu. Baba mdogo alijibu moja baada ya jingine. Litabeba pamba na alizeti msimu wa mavuno. Litalala kwenye banda la zamani la ng'ombe. Na usiku halitatoka. Kuhusu gharama, alijibu kwa sheria: ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa tangu bajeti ya 2017/18 na kuhamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo gari linalolala bandani halidaiwi kitu. Bima ndogo italipwa litakapotoka.

"Kwa hiyo umeshanunua," mama mdogo akasema.

Hakuwa amenunua. Alirudi kwa muuzaji na daftari, akamsomea ukurasa wa kwanza, akamwonesha tundu la bisibisi, akatoa milioni sita. Wakabishana mpaka sita na nusu, dalali akiapa kwamba hapati hata senti, ingawa cha juu chake kila mtu alikijua. Sharti ndilo lililowashangaza: nusu italipwa mbele ya wakili Bunda siku ya kusaini mkataba wa mauziano, nusu nyingine mtu wa Musoma akishasaini, injini ikasomeka 3L na rangi ikasomeka kijani kwenye kadi. Muuzaji alikataa, akaondoka na funguo zake, na kwa muda Mwalimu hakulitaja tena gari lile nyumbani. Deni la trafiki alikuwa ameshaliangalia kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari. Lilikuwepo dogo, na hilo nalo alimwachia muuzaji.

Muuzaji alirudi mwenyewe. Wanunuzi wengine wawili walikuwa wamelala chini ya lile gari na kuliona tundu lile lile, na hakuna aliyefika hata milioni tano. Taratibu za kadi zilikokota, lakini zilikamilika.

Siku hizi Land Rover hiyo inaonekana kwenye lami ya Sanzate wakati wa kiangazi, turubai limekunjwa nyuma, mama mdogo mbele na kitambaa kichwani, maana nyuma hapandi. Kuna fundi wa Tarime aliyepiga simu juzi kusema anayo injini ya petroli ya 2286, nzima, iliyotolewa kwenye 109 iliyokatwa kuwa chuma chakavu. Baba mdogo bado anataka kuirudisha, siku moja, akipata nafasi. Hakuuliza bei. Alimwambia amtumie picha ya namba ya injini, na kopi ya kadi ya gari ilikotoka.